Nani Yule wa Safu ya Nyuma?



Picha mnayoiona ukutani ilipigwa mwaka 1996 kwenye ngazi za bwalo la chakula la shule moja ya bweni ya wasichana, shule ya serikali, si mbali na Reli ya Kati. Jina la shule nitaliacha, na majina ya waliomo nitayaacha pia, kwa kuwa wengi wao hawajaulizwa kama wanaridhia kutajwa mbele ya hadhara, na wengine hawawezi tena kuulizwa. Ni wanawake waliomaliza kidato cha sita pamoja mwaka 1976, wakakutana tena baada ya miaka 20. Mbele wamekaa walimu wao wa zamani kwenye viti vya darasani. Nyuma ya walimu kuna safu mbili za wanawake wa umri wa miaka arobaini hivi, wengi katika magauni ya vitenge, wachache wamejitanda mitandio. Pembeni kushoto, nusu hatua mbali na wengine, amesimama mzee mmoja aliyevaa aproni. Huyo nitamrudia.

Nyuma ya picha pameandikwa kwa kalamu ya wino mwaka, neno "Kumbukumbu", na majina ya watu saba. Waliomo ni zaidi ya thelathini. Hapo ndipo ulipo msiba ninaotaka kuuzungumzia. Picha ya namna hii ni waraka wa historia ya nchi yetu, wenye uzito uleule wa waraka wa wizara au taarifa ya tume, na tunauacha ufe mikononi mwetu kwa sababu tu hatukukaa chini kuandika majina.

Tuanze na uzito huo. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea iliyotoka Machi 1967, alitaja hesabu ambazo kila mwanafunzi wa historia angepaswa kuzijua kwa moyo. Mwaka wa uhuru, 1961, Tanganyika ilikuwa na wanafunzi 11,832 wa sekondari. Kati yao waliokuwa kidato cha sita walikuwa 176. Nchi nzima, kutoka Kigoma hadi Mtwara, wote wangeenea kwenye ngazi za bwalo moja, na mpiga picha mmoja angewamaliza kwa kubonyeza mara moja. Kufikia 1967 waliokuwa kidato cha sita walikuwa wamefika 830. Siku hizi wanaofanya mtihani wa kidato hicho kwa mwaka mmoja wamepita laki moja. Basi ukimwona mama wa leo aliyemaliza kidato cha sita katikati ya miaka ya 1970, jua kwamba nchi changa ilimtegemea yeye na wenzake wachache kwa karibu kila kazi: kufundisha sekondari, kuongoza wodi, kukaa kwenye kiti cha hakimu, kupanga mipango ya wilaya, kusimamia hesabu za mashirika ya umma. Na wasichana ndani ya kikundi hicho kidogo walikuwa wachache zaidi.

Watu wa namna hiyo tungetarajia wawe wameandikwa. Wachache wameandikwa kweli. Gertrude Mongella alisoma Marian College ya Morogoro, shule ya masista wa Maryknoll ambayo baadaye ikawa Kilakala, na ulimwengu wote ulimwona alipoongoza maandalizi ya mkutano wa wanawake wa Beijing mwaka 1995. Mama Maria Kamm, aliyeishika Weruweru kwa zaidi ya miaka 20, anajulikana kwa wasichana wake na kwa wasiokuwa wake. Lakini Weruweru haikuwa Mama Kamm peke yake, na Kilakala haikuwa Mongella peke yake. Tabora, Msalato, Korogwe, Loleza, kila moja ilitoa wasichana mwaka baada ya mwaka ambao hatuna kitabu kinachowataja. Wana picha. Kwa wengi wao picha ya pamoja ndiyo maandishi pekee.

Mtaniuliza kwa nini sikuleta picha ya shule yenyewe, ile ya 1976, wakiwa bado katika sare. Ninayo, na ni nzuri. Lakini picha ya shule hupangwa na shule. Mkuu wa shule katikati, walimu kulia na kushoto kwake kwa vyeo, dada mkuu na viranja wamesimama karibu, wadogo wamekaa chini miguu wameikunja, na kila soksi imevutwa juu. Inaonyesha nidhamu iliyotakiwa siku ile. Picha ya kukutana tena inaonyesha kilichotokea baada ya hapo. Hakuna aliyewalazimisha kuja, hakuna kengele, na mpangilio wao wamejipangia wenyewe. Ukitaka kujua nchi iliwafanyia nini watoto iliowakusanya, tazama namna walivyosimama walipokuwa watu wazima.

Walikusanywaje? Ninyi vijana mmezoea shule iliyo karibu na nyumbani, nami siilaumu, maana imewapa nafasi watoto ambao zamani wangeishia darasa la saba. Wakati ule ilikuwa vingine. Sheria ya Elimu ya 1969 iliziweka shule za madhehebu chini ya serikali, na msichana aliyefaulu alipangiwa shule bila kuangaliwa dini yake wala kabila lake. Wa Newala akapelekwa Tabora. Wa Bukoba akapelekwa Korogwe. Wa Moshi akajikuta Mbeya, anasikia Kinyakyusa sokoni na haelewi neno. Walipewa waranti ya safari, karatasi ya serikali iliyomlipia mwanafunzi nauli ya treni au basi, wakasafiri siku mbili tatu na tranka la bati lenye jina lililopakwa rangi nyeupe. Stesheni ya Tabora, njia zinapoachana kwenda Mwanza na Kigoma, ilijaa usiku watoto wa shule waliolala juu ya matranka yao. Waliojifunza Kiswahili kikavu cha vitabuni walikifanya kiwe chao bwenini, wakisukana nywele, wakigombea ndoo, wakinong'ona baada ya taa kuzimwa.

Turudi kwenye picha, tazameni safu ya katikati. Wanawake wawili wameshikana mikono chini, mahali ambapo walidhani kamera haifiki. Mmoja ni wa kusini kabisa, mwingine wa kanda ya ziwa. Mmoja Mwislamu, mwingine Mkristo. Walilala kitanda cha juu na cha chini kwa miaka miwili. Usingeweza kujua nani ni wa wapi kwa kuwatazama, na mimi nasema hapo ndipo sera inapoonekana imefanya kazi, kuliko katika hotuba yoyote. Wale wanaotuambia leo kwamba umoja wa Watanzania ulikuja wenyewe, kama mvua, hawajawahi kuhesabu gharama za zile waranti.

Mwaka wao ulikuwa na mambo yake. Walifanya mtihani wa Baraza la Mitihani la Tanzania, baraza lililoundwa kwa sheria ya 1973 baada ya nchi kujitoa katika mitihani ya pamoja ya Afrika Mashariki. Walimaliza wakalikuta Azimio la Musoma la Novemba 1974 limeshafunga mlango wa kwenda Chuo Kikuu moja kwa moja. Kijana alitakiwa kwanza apite Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, kisha afanye kazi, kisha apendekezwe kutoka kazini. Nia yake ilieleweka: msomi asiwe mgeni kwa wakulima waliomlipia. Kwa wasichana matokeo yalikuwa mazito. Msichana aliyekaa miaka miwili mitatu akisubiri aliolewa, akazaa, au mwajiri wake akampendekeza mwanamume. Idadi ya wasichana Chuo Kikuu ikaporomoka, na haikuchukua muda mrefu serikali ikawaondolea sharti la kazi. Kati ya wanawake hawa wapo waliopita katika ufa ule mwembamba na wapo ambao mlango ulifunguliwa wameshaondoka mlangoni. Wamesimama bega kwa bega hapa. Mmoja alipata shahada, mwenzake aliyemshinda kwa alama darasani akabaki karani wa masjala hadi kustaafu. Picha haiwezi kuwaambia hilo. Majina yangewaambia, kwa sababu jina lingewapeleka kwenye orodha ya mtihani, na orodha ingewapeleka kwenye faili la kazi.

Na hapa nafika kwenye jambo linaloniuma kuliko yote. Hayo majina saba yaliyoandikwa nyuma ya picha, matano ni ya namna hii: Mama fulani, Mama fulani. Kila mmoja ameitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama desturi yetu ya heshima inavyotaka. Mmoja ameandikwa kwa jina la mumewe. Nyumbani majina hayo ni ya adabu na mapenzi, na mimi mwenyewe huitikia langu kwa furaha. Lakini ukichukua daftari la shule la 1975 kumtafuta Mama fulani, hayumo. Alikuwa hajazaa. Ukilitafuta jina la mume, halimo. Yumo msichana mwenye jina la baba yake na la babu yake, na kati ya msichana huyo na yule mama wa kwenye ngazi hakuna karatasi inayowaunganisha. Mwanamume anayesoma Tabora Boys anaingia na jina moja, anatoka nalo, anazikwa nalo. Mtafiti anamfuata miaka hamsini bila taabu. Mwanamke anabadilishwa jina mara mbili au tatu, kila mara kwa heshima, na kila mara historia inampoteza. Ndiyo maana tunaposema wanawake walichangia kujenga taifa tunabaki na sentensi hiyo moja, tupu, bila mtu ndani yake.

Picha inaonyesha waliokuja. Sasa tuwazungumzie ambao hawamo, kwa sababu msomaji mzuri wa picha ya pamoja huanza na nafasi zilizo wazi.

Kumbukeni namna watu walivyokuwa wakiitana mwaka 1996. Simu za mkononi zilikuwa chache na za matajiri. Kamati ya watu wanne iliandika barua kwa mkono, ikazituma kwa masanduku ya posta ya ofisi ambazo wenzao walisikika kuwa wanafanya kazi. Aliyehama ofisi hakuipata. Aliyepunguzwa kazini hakuipata, na miaka ile mashirika ya umma yalikuwa yakifungwa na kubinafsishwa, watu wakirudishwa nyumbani kwa mamia. Tangazo lilisomwa redioni. Aliyekuwa shambani saa ile hakulisikia. Tarehe 21 Mei mwaka uleule meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na barua zilizokwenda Kagera zilikwenda katika mkoa uliokuwa msibani.

Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983. Hesabu miaka. Msichana wa kidato cha sita wa 1976 alikuwa na miaka ishirini na kitu ugonjwa ulipoingia, na ulipofika 1996 kizazi chake kilikuwa kimepigwa katikati. Wenzao walikufa wakiwa na watoto wadogo, na enzi ile sababu haikutajwa hata kwenye matanga. Kwenye mkutano wao, kabla ya kupanga safu kwenye ngazi, majina ya marehemu yalisomwa na kila jina likafuatiwa na kimya. Karatasi ya majina yale ilikuwa hati muhimu kuliko picha. Hakuna aliyeitunza. Nimeuliza kila niliyeweza kumfikia, na kila mmoja anamkumbuka rafiki yake mmoja wawili waliosomwa siku ile, hakuna anayewakumbuka wote.

Kuna kundi la tatu la wasiokuwemo, na hili hatupendi kulisema. Ni wale walioipata barua, wakawa hai na wazima, wasije. Kamati iliomba mchango wa chakula, usafiri na zawadi za walimu. Mchango haukuwa mkubwa kwa aliyekuwa na mshahara. Kwa aliyekuwa akiuza maandazi baada ya kiwanda kufungwa ulikuwa mkubwa, na juu ya mchango kulikuwa na gauni, viatu, nauli, na swali linaloulizwa mlangoni kwa nia njema kabisa: siku hizi uko wapi? Mwanamke aliyekuwa wa kwanza katika hisabati, ambaye walimu wote walimtabiria makubwa, alikaa nyumbani siku ile, mwendo wa basi wa saa tatu tu kutoka pale. Alinieleza mwenyewe na ameniruhusu niseme. Hakutaka walimu wake wamwone. Mimi naona shule ilimdai jambo ambalo haikuwa na haki ya kumdai, nasi wahitimu huwa tunaliendeleza deni hilo kila tunapopanga sherehe kwa kuwaangalia waliofanikiwa. Tazameni nani yuko nyuma tu ya mkuu wa shule, katikati. Ni wale waliochanga zaidi. Picha ya shule ilipangwa kwa vyeo vya uranja. Hii, bila mtu kuamua, imepangwa kwa fedha.

Sasa yule mzee wa aproni. Alikuwa mpishi. Aliwapikia makande, na ugali kwa maharage, tangu wanaingia mpaka wanatoka, na mwaka 1996 bado alikuwa jikoni. Inavyosimuliwa, mpiga picha alikuwa tayari amewapanga, mwanamke mmoja wa safu ya nyuma akapaza sauti kwamba Mzee hayupo, wakamtoa jikoni kwa nguvu. Hakutaka kuvua aproni wala hakutaka kusogea katikati. Ile nusu hatua mnayoiona ni yake mwenyewe, na hakuna aliyemvuta aimalize. Nimewauliza wanawake hawa jina lake. Kila mmoja alianza kwa kutabasamu, akaeleza makande, akaeleza namna mzee alivyomfichia ukoko siku yeye aliporudi kutoka zahanati, kisha akanyamaza. Wanamjua kwa jina la utani walilompa wao. Jina alilopewa na baba yake liko kwenye orodha za mishahara za wilaya, kama hazijaliwa na mchwa, na ndipo mwanafunzi mmoja wa hapa anapolitafuta kwa wakati huu.

Niseme kidogo juu ya karatasi yenyewe, kwa sababu wengi mnadhani picha ya zamani ndiyo inayoharibika na mpya ndiyo salama. Ni kinyume. Picha ya shule ya 1976 ni nyeusi na nyeupe. Weusi wake ni fedha halisi, chembechembe za madini zilizobaki kwenye karatasi baada ya dawa kufanya kazi, na kama aliyeisafisha aliisuuza vya kutosha, itakaa kuliko sisi. Hii ya 1996 ni ya rangi. Rangi zake ni tatu zilizolala tabaka juu ya tabaka, ya njano, ya zambarau nyekundu na ya samawati, na hazizeeki kwa mwendo mmoja. Moja inakufa kabla ya nyingine. Ndiyo maana sebuleni mwenu kuna picha za harusi ambazo kila mtu amegeuka mwekundu, au zimepauka zikabaki na macho na nywele tu. Mwanga wa dirisha unaua. Unyevu wa pwani unaleta ukungu. Zile albamu zenye kurasa za gundi na nailoni juu, tulizozinunua kwa kujivunia miaka ya 1980, zinanata kwenye picha moja kwa moja, na anayejaribu kuibandua anaondoka na uso wa mtu. Kuhusu zile zilizomo kwenye simu, kila zinapotumwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine zinapunguzwa ukubwa, na baada ya kupita mikono ya watu kumi nyuso za safu ya nyuma hazitambuliki. Simu ikiibiwa Kariakoo, shule nzima imekwenda.

Negativu nazo? Zilibaki kwa mpiga picha wa mjini, na studio za miji midogo zilifungwa moja baada ya nyingine kila mtu alipopata kamera mfukoni. Maboksi yakauzwa, yakachomwa, yakalowa. Tuna bahati pale ambapo familia iliona thamani: Capital Art Studio ya Unguja, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza katika miaka ya 1930 na kuendelezwa na mwanawe, ilihifadhi nyuso za watu wa Zanzibar kwa vizazi. Kila mji wa reli ulikuwa na studio. Ningetoa mengi kuyaona masanduku ya studio za Tabora na Dodoma.

Tufanye nini, basi? Kazi yenyewe ni ndogo na haitaki fedha. Usiandike juu ya uso wa picha, wala usiandike kwa kalamu ya wino nyuma, maana wino unapenya na ncha yake inaacha mfereji kwenye uso wa mtu. Karatasi za picha za rangi zina utando wa plastiki, hata penseli haishiki vizuri. Chukua karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, iweke juu ya picha, fuatisha vichwa kwa penseli laini bila kukandamiza, kila kichwa kipe namba. Kisha kwenye daftari andika mbele ya kila namba: jina alilokuwa nalo shuleni, majina matatu kamili, jina analoitwa sasa, alikotoka, kijiji na wilaya, mchepuo aliosoma, kazi alizofanya, na kuuza maandazi ni kazi. Andika pia nani alikupa maelezo hayo na tarehe aliyoyatoa.

Usimuulize mtu mmoja peke yake. Nimejifunza kuwaketisha wawili, kwa kuwa mmoja akikosea mwenzake anamkatiza, na katika kukatizana huko ndiko yanakotoka mambo ambayo hukuyauliza: nani alimtorosha nani kwenda kwenye dansi, nani alilia treni ilipoondoka, mwalimu gani alimlipia nani shuka. Watembelee asubuhi, wazee hawajachoka. Wapelekee picha kubwa, iliyochapwa upya, wasihangaike na miwani juu ya simu yako. Ukishawaamkia, kaa, kunywa chai unayopewa, acha picha mezani na usiulize kitu mpaka waitazame wenyewe.

Kuhusu waliokufa, andika jina na mwaka. Sababu ya kifo iache, hata ukiijua, isipokuwa familia itake yenyewe iandikwe. Wapo watoto na wajukuu wanaoishi, na heshima ya nyumba zao ni yao. Lakini jina lisikose. Vilevile waandike wasiokuja, ukurasa wao mzima, baada ya wale waliomo kwenye picha. Yule mwanamke wa hisabati ameshaandikwa kwenye daftari letu, namba yake inafuata mara tu baada ya ya mwisho ya safu ya nyuma, kwa majina yake matatu. Aliyaandika kwa mkono wake.

Nakala ziwe tatu. Moja irudi shuleni, ikae maktaba na daftari lake, isibaki kwenye ofisi ya mkuu wa shule ambako kila uhamisho unaondoka na vitu. Moja ibaki kwa familia iliyoitoa picha. Ya tatu ningependa ifike Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambako mafaili ya serikali ya wakoloni yamekaa kwa mpangilio mzuri kuliko kumbukumbu za akina mama walioyarithi madawati ya wakoloni hao. Nimekuwa nikilisema hili kwa vyama vya wahitimu, na baadhi hunijibu kwamba wanajenga kwanza choo cha shule, au uzio. Vijengwe, shule zetu zinavihitaji. Ila uzio unaweza kujengwa na watu wa 2040. Majina ya watu wa 1976 hayawezi kuandikwa na watu wa 2040, kwa sababu watakaoyajua hawatakuwapo.

Baadhi yenu mmekuja na picha, naziona kwenye bahasha na mifuko. Meza iko pale mlangoni, karatasi za kufuatishia zipo, na wanafunzi wa historia wamekubali kukaa hadi magharibi. Tafadhali anzeni na safu ya nyuma. Walimu wa mbele wanajulikana, tutawamalizia.